Ghorofa ukutani, mabati uwanjani: mtaa ufanye nini?

*Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Dar es Salaam, mtaa uliopimwa miaka ya sabini, viwanja vidogo vya nyumba za chini. Baba alijenga hapa mwaka 1979. Mwaka huu jirani tunayepakana naye ukuta ameuza, na aliyenunua ameshachimba msingi. Mafundi wanasema ni ghorofa sita, chini maduka, juu fleti. Hatukuona tangazo lolote. Hatujakaa sawa, uwanja ulio nyuma yetu nao umezungushiwa mabati. Una miembe mitatu, watoto wanacheza mpira pale, tunafunga maturubai ya misiba na kuswali Idi. Aliyezungushia anasema ana hati. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anasema hayo ni mambo ya juu. Tumekusanya saini 140. Vijana wanataka kung'oa mabati usiku. Wapo wanaosema tunazuia maendeleo, na wazee wawili wameanza kutafuta wateja wa nyumba zao. Je, saini zinatosha? Twende mahakamani? Au mji ndiyo umekua, tukubali yaishe?*

Ndugu yangu, pole na hongera. Hongera kwa sababu mmeamka wakati msingi ndiyo kwanza unachimbwa; mitaa mingi hushtuka zege la ghorofa ya tatu likiwa limeshakauka, na hapo mazungumzo huwa magumu sana.

Nikikusoma vizuri, unaogopa kwamba mtaa mliokulia unaondoka mikononi mwenu na hamjui kama mna haki ya kusema neno. Haki mnayo. Ila umeniandikia mambo mawili kana kwamba ni moja, na bila shaka hivyo ndivyo mnavyoyazungumza kwenye vikao. Jengo la jirani ni mtu kujenga kwenye ardhi aliyoinunua; kinachoulizwa pale ni ajenge kiasi gani, kwa kibali gani, na maji yake machafu yaende wapi. Uwanja, kama ramani inasema ni eneo la wazi, ni mali ya umma. Kinachoulizwa pale ni nani alimpa huyo mtu, na kwa mamlaka gani. La kwanza lina nafasi ya kujadiliana, la pili halina. Mkiyaweka kwenye barua moja, afisa atakayeipokea atajibu lile jepesi na kulinyamazia lile zito. Andikeni barua mbili, mfungue majalada mawili, na ikiwezekana kila moja lisimamiwe na watu wake.

Nianze na uwanja, maana huo ukiondoka haurudi.

Kwa maelezo yako, mtaa wenu una sura ya mitaa iliyopimwa chini ya mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia miaka ya 1970, ule uliozaa sehemu za Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Mitaa ile haikuota yenyewe. Ilichorwa: viwanja vya nyumba, barabara za ndani, shule, soko, zahanati, na katikati maeneo ya wazi ya kuchezea na kupumulia. Karatasi ile inaitwa mchoro wa mipangomiji, ina namba yake, na nakala zake hutunzwa ofisi ya mipangomiji ya halmashauri na kwenye ofisi za ardhi. Baada ya mchoro kupitishwa, mpima ardhi anaingia, anaweka mawe ya mipaka, na ndipo inapatikana ramani ya upimaji. Hati hutolewa juu ya ramani hiyo.

Sasa angalia kilichotokea kwa viwanja vya michezo katika safari hiyo. Kila kiwanja cha nyumba kilipata namba, mwenyewe, hati na bili ya pango la ardhi. Eneo la wazi mara nyingi lilibaki umbo jeupe katikati ya mchoro, limezungukwa na mipaka ya wengine, lenyewe halina hati wala mtu wa kulidai. Halmashauri inajua lipo kwa sababu limo kwenye karatasi. Karatasi ikififia, afisa akihama, jalada likipotea, lile umbo jeupe linaanza kuonekana kama ardhi iliyosahaulika. Wanaovamia wanalijua hilo kuliko sisi. Kwanza anakuja fundi gereji na magari mawili mabovu chini ya mwembe, na hakuna anayesema kitu kwa sababu ni kijana wetu. Mwaka unaofuata linaletwa kontena. Kisha meza za chipsi, kisha baa yenye uzio wa mianzi, kisha ukuta wa tofali, na siku moja mtu anatoa barua ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja, yenye muhuri. Uliza wazee wa mtaa wenu kama uwanja huo haukupita angalau ngazi mbili za hizo kabla ya mabati.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kupata mchoro. Pelekeni barua ya mtaa kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa ofisi ya ardhi ya mkoa, mkiomba nakala ya mchoro wa mipangomiji na ramani ya upimaji ya eneo lenu. Barua iende na nakala ya pili ambayo masijala wataigonga muhuri wa kupokea na kuandika tarehe. Nakala hiyo itunzeni kama mnavyotunza vyeti vya watoto. Wakati huohuo ombeni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati juu ya hicho kiwanja anachodai huyo bwana. Upekuzi unaonyesha kama hati ipo kweli, ilitolewa lini, kwa nani, kwa matumizi gani. Ada yake ni ya kawaida, watu 140 mkichanga hamtaisikia.

Mchoro ukionyesha eneo la wazi na hati ikaonyesha "makazi" iliyotolewa juzi juzi, hapo mna kesi. Kubadili matumizi ya eneo la wazi hakuishii kwenye meza ya mwenyekiti wa mtaa, wala ya diwani. Ni jambo lenye taratibu zake hadi Wizara ya Ardhi. Mwenyekiti wa mtaa hagawi ardhi iliyopimwa mjini, hata akiwa na mihuri kumi. Kumbe aliposema ni mambo ya juu hakukosea sana, ila alipaswa aanze yeye kuyapandisha huko juu kwa barua. Mwambieni hivyo kwa heshima, kwenye mkutano wa mtaa, na maneno hayo yaingie kwenye muhtasari.

Umesema "ana hati" kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa. Hati si mwisho wa maneno. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye hati amepewa milki yenye masharti. Hati iliyotolewa juu ya eneo la umma kinyume na taratibu inaweza kubatilishwa na mahakama, na milki inaweza kufutwa kwa taratibu za sheria hiyohiyo. Halafu kuna hati za kughushi, ambazo upekuzi huziumbua asubuhi moja.

Upande wa pili nao lazima niuseme, maana najua kwenye vikao vyenu haukosekani mzee wa kusimama na kusema, "Tumeutumia uwanja huu zaidi ya miaka arobaini, ni wetu." Kuutumia muda mrefu ni ushahidi mzuri wa historia ya mahali, lakini hakuupi mtaa umiliki. Mkienda mahakamani na hoja ya kwamba uwanja ni wenu, wakili wa upande wa pili atauliza hati yenu iko wapi, na mtanyamaza. Nendeni na hoja ya kwamba ni wa umma, na nyinyi ni sehemu ya umma unaoumia. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 27, inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya pamoja ya wananchi, simameni hapo. Picha za misiba, za Idi, za mashindano ya vijana, zenye tarehe nyuma, zitawafaa kuonyesha matumizi. Zikusanyeni kwa kina mama, hao ndio wenye albamu.

Na kama mchoro utaonyesha kwamba pale palikuwa pa shule au soko ambalo halikujengwa? Bado ni mali ya umma, na hoja yenu bado ina nguvu. Ukionyesha kwamba ni viwanja viwili vya makazi ambavyo mwenyewe alikaa miaka bila kujenga, itabidi mlikubali hilo na mzungumze naye kama mnunuzi anavyozungumza na muuzaji. Hilo hutokea. Ndiyo maana nasisitiza karatasi kabla ya kelele.

Vijana na mabati: wazuieni, tena leo. Akishafungua jalada polisi la uharibifu wa mali, mazungumzo ya mtaa yatahama kutoka "nani alikupa uwanja" kwenda "nani alivunja uzio", na vijana wenu watatu watalala mahabusu huku mwenye mabati akiendelea na kazi. Yupo atakayewakumbusha ya jirani zetu wa Nairobi, Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walipousukuma ukuta uliokuwa umeziba uwanja wao. Ni kweli, dunia nzima iliona na serikali ikatikisika. Iliona pia watoto wa shule wakilia kwa mabomu ya machozi. Mimi sitampa mzazi yeyote ushauri wa kulipa bei hiyo wakati masijala iko wazi saa mbili asubuhi.

Tuje kwenye jengo.

Hapa nitakwambia jambo ambalo huenda usilipende. Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541 kwenye sensa ya 2012 na 5,383,728 kwenye sensa ya 2022. Watu zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi, na wote wanahitaji pa kulala. Tukikataa kupanda juu, mji unatandazika kuelekea Chanika, Mbagala na Bunju, na mfanyakazi anatoka kwake saa kumi alfajiri kuwahi kazini. Kwa hiyo ghorofa kwa jina lake tu si ubaya. Mtaa ulio jirani na barabara ya mwendokasi, wenye maji na bomba la majitaka, ndipo hasa ghorofa zinapotakiwa kuota. Na nikuombe jambo moja: zile hoja za "wapangaji wataleta uhuni" au "hatutaki watu wa ajabu ajabu" zitoeni kabisa kwenye barua. Hazina uzito kisheria, zinawaumiza watu ambao baba zetu walikuwa kama wao walipohamia mjini, na zinamrahisishia mjenzi kuwaita wapinga maendeleo.

Kinachobeba au kuangusha msongamano ni miundombinu. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Jengo likifunika asilimia 60 ya kiwanja, kila sakafu ina mita za mraba 240, na sakafu sita zinafanya 1,440. Ukigawa kwa 400 unapata 3.6. Namba hiyo, uwiano wa jumla ya sakafu kwa ukubwa wa kiwanja, ndiyo wapangaji miji wanayobishania mezani. Idadi ya ghorofa peke yake haisemi mengi, maana jengo refu jembamba linaweza kubeba watu wachache kuliko fupi lililotanuka hadi ukutani kwenu.

Sasa tuhesabu watu. Chini maduka, juu sakafu tano, kila moja fleti tatu: fleti 15. Watu wanne kila fleti ni watu 60. Wakitumia lita 80 kila mmoja kwa siku, maji machafu yanayotoka ni lita 4,800, karibu mita za ujazo tano kila siku inayokuja. Nyumba iliyobomolewa, kama ilikuwa na watu saba, ilitoa lita 560. Na ile ardhi iliyokuwa inanyonya maji hayo imepungua: zimebaki mita za mraba 160, nazo zitawekwa paving za kuegesha magari. Kama mtaa wenu hauna bomba la majitaka, kama ilivyo sehemu kubwa ya mji huu, maji hayo yanaenda kwenye shimo na karo. Udongo ukishiba, na pwani maji ya chini yako karibu, shimo litahitaji gari la kunyonya majitaka mara kwa mara, na gari hilo lina gharama. Ndipo mvua ya masika inapokuja na watu wakatapisha vyoo usiku kwenye mtaro unaopita mbele ya geti lako.

Hilo ndilo swali la kumuuliza mjenzi na halmashauri, kwa maandishi: majitaka ya watu 60 yanaenda wapi? Ongezea maswali ya maji ya mvua ya paa, maegesho, njia ya gari la zimamoto, na umbali kati ya jengo na ukuta wenu. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya aina hii, na mara nyingi swali la karo limepunguza ghorofa mbili ambazo saini mia mbili zilishindwa kuzipunguza. Mhandisi wa halmashauri akiulizwa swali lenye lita ndani yake, analazimika kujibu kwa lita.

Kuhusu tangazo ambalo hamkuliona: hati za mtaa kama wenu kwa kawaida zimeandikwa matumizi ya makazi. Kuweka maduka chini na fleti juu ni kubadili matumizi, na mwombaji hutakiwa kutangaza nia yake ili wenye pingamizi wasikike kabla halmashauri haijaamua. Huenda tangazo lilikuwepo, dogo, kwenye gazeti ambalo hakuna anayelinunua mtaani kwenu. Huenda halikuwepo. Ulizeni halmashauri vitu vitatu: kibali cha kubadili matumizi, kibali cha ujenzi chenye idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa, na, kwa kuwa jengo ni kubwa, msimamo wa NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kuchukua hatua haki hiyo ikiguswa.

Kabla hujaenda huko, tembea hadi kwenye mabati ya ujenzi ukaangalie bango. Eneo halali la ujenzi wa ukubwa huo linapaswa kuwa na ubao unaotaja mwenye mradi, msanifu, mhandisi, mkadiriaji majenzi na mkandarasi, pamoja na namba zao za usajili. Piga picha. Majina hayo unaweza kuyahakiki kwenye bodi zao: ya makandarasi, ya wahandisi, ya wasanifu na wakadiriaji. Kama hakuna ubao kabisa na msingi umeshafika kina cha mtu mzima, hilo ni la kuripoti wiki hii kwa mhandisi wa halmashauri na kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mji huu umezika watu kwa sababu ya majengo. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo, asubuhi, watu wakiwa ndani wakifanya biashara zao.

Kwa hiyo linda nyumba ya baba yako sasa hivi, kabla hawajaendelea kuchimba. Zunguka ndani na nje ukipiga picha kila ukuta, hasa pembe za madirisha na milango. Kila ufa uliopo uweke alama ya penseli mwanzo na mwisho wake, uandike tarehe pembeni, upige picha na rula ikionekana. Rudia kila wiki. Ufa ukivuka alama ya penseli, au mlango uliokuwa unafunga vizuri ukaanza kukwama, au ukuta wa mpaka ukainama kuelekea shimoni, usingoje kikao. Toa watoto kwenye chumba hicho, ita mhandisi aliyesajiliwa aje aone kwa macho yake, na ripoti yake iende halmashauri siku hiyohiyo. Ushauri wa maandishi kama huu wangu hauwezi kuona ufa.

Unasema mji umekua. Umekua, ndiyo, na Magomeni Kota ni mfano ambao ningependa mtaa wenu uujadili bila jazba. Kaya 644 ziliondolewa kwenye nyumba zao za zamani kuanzia mwaka 2011, zikakaa miaka mingi zikipanga huku na kule, ardhi ikiwa tupu katikati ya mji. Watu wale hawakutawanyika. Walibaki na orodha yao na viongozi wao, wakaendelea kudai. Mwishowe Wakala wa Majengo ulijenga maghorofa palepale, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua kwa ajili ya kaya zilezile 644. Miaka kumi ni mirefu mno na wazee wengine hawakuiona siku hiyo, kwa hiyo sikuletei habari ya furaha tupu. Ila inaonyesha kwamba watu wengi zaidi wanaweza kukaa kwenye ardhi ileile na wenyeji wakabaki. Mtaa wenu unaweza kuingia kwenye mazungumzo na pendekezo, si pingamizi peke yake: ghorofa nne badala ya sita, karo la kutibu majitaka kabla ya kuyaachia, maduka yaangalie barabara kubwa, saa za kazi zisizovuka magharibi. Mjenzi mwenye mkopo benki anaumia kila siku anayosimamishwa. Mara nyingi atakubali kitu.

Saini 140 sasa. Hazisimamishi hata toroli moja la zege. Kazi yake ni kuonyesha kwamba anayesema si mtu mmoja mwenye ugomvi na jirani. Zitakuwa na thamani zikiwa na jina kamili, namba ya nyumba na tarehe, zikiambatishwa kwenye barua yenye ombi mahsusi na kwenye muhtasari wa mkutano halali wa mtaa. Kinachosimamisha ujenzi ni amri ya mamlaka ya upangaji, ile inayokuja na rangi nyekundu ukutani, au amri ya mahakama.

Mahakama ina mlango mzuri na kizingiti kirefu. Kama mnamshitaki mjenzi peke yake kwa kuharibu nyumba yako, hiyo ni kesi yako binafsi na njia yake ni fupi kidogo. Lakini mkigusa hati ya uwanja, mnaigusa serikali iliyoitoa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, kuishitaki halmashauri ni kama kuishitaki Serikali Kuu: notisi ya siku 90 kwanza, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na kesi iende Mahakama Kuu. Siku 90 zinatosha kabisa kumwaga msingi na kupandisha nguzo, na wajanja wanazihesabu. Mawakili hutumia maombi ya zuio la muda wakati notisi ikiendelea, wao huyaita Mareva, na Mahakama Kuu imekuwa ikiyakubali pale inapoona madhara hayawezi kurudishwa nyuma. Uwanja unaokatwa miembe ni mfano mzuri wa madhara hayo. Pia watu 140 hawaendi mahakamani kila mmoja na kesi yake; mnaomba ruhusa ya kesi ya uwakilishi, mnachagua watatu au wanne wasioyumba.

Hapo ndipo unapomhitaji mtu wa ana kwa ana, tena mapema. Tafuteni wakili mwenye uzoefu wa ardhi kabla ya kuandika neno lolote la kisheria, maana notisi iliyokosewa inaweza kuwarudisha mwanzo. Kama mfuko hauruhusu, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na vituo vingine vya msaada wa kisheria husikiliza mambo kama haya. Mpangaji miji aliyesajiliwa awasomee mchoro, na mpima ardhi atafute mawe ya mipaka; jiwe likiwa limeng'olewa, ataonyesha lilipokuwa. Mkiombwa "kitu kidogo" ili mpewe nakala ya mchoro, msitoe na msigombane. Andikeni jina la ofisi, saa na maneno, mpeleke TAKUKURU.

Limebaki la wale wazee wawili. Msiwaite wasaliti. Kinyume na wanavyoamini wengi, ghorofa moja mtaani haishushi bei ya viwanja. Huipandisha, na ndiyo inayoutikisa umoja wenu kuliko hoja yoyote ya mjenzi. Mzee mwenye madeni ya matibabu ana haki ya kuuza. Kaeni naye, msaidieni apate mthamini asije akauza kwa bei ya kutupa kwa dalali wa kwanza, na mumwombe jambo moja: asiuze kabla upekuzi wa uwanja haujatoka. Naye atafaidika, maana kiwanja kinachotazamana na uwanja wa wazi kina bei, na kile kinachotazamana na ukuta wa gereji kina bei nyingine.

Mkishapata namba ya mchoro, niandikie tena na uiambatishe pamoja na picha ya lile bango. Na kama mtaamua kutoa notisi kabla ya hapo, kumbukeni siku 90 hazihesabiwi tangu kikao kilipoamua. Zinahesabiwa tangu notisi ilipopokelewa, kwa hiyo atakayeipeleka asiondoke pale masijala bila nakala iliyogongwa muhuri.